Makosa Yote ya Gibson Yalikuwa na Jina Moja

Gibson Silwimba ndiye mwanamume mpole kuliko wote niliowahi kuwafahamu, na kwa miaka miwili upole wake umenitia presha. Nasema mapema ili msije mkadhani nimekuja hapa kumsifia. Nampenda kama mdogo wangu wa tumbo moja, lakini kuna asubuhi moja nilitamani kumtwanga kwa kibodi. Na mwaka huu upole huohuo nusura umkoseshe mke.

Tunafanya kazi pamoja kwenye yadi ya malori ya Bi Sabra, pale Mpemba. Malori yanayosubiri zamu ya kuvuka kwenda Zambia hulala kwetu. Mimi nakaa dirishani: lori likiingia naandika namba zake, mzigo wake na jina la dereva; likitoka nabonyeza "Limetoka". Jina langu Mwanamvita, mtu wa Pangani. Nilikuja Tunduma kumfuata mume mwenye semi, lori la trela. Mume akaendelea na safari, mimi nikabaki na baridi. Gibson yeye ni Mnamwanga, mzaliwa wa Momba, ana miaka thelathini na mmoja, na programu yote ya yadi aliiandika mwenyewe.

Kazi yake aliwahi kunieleza siku moja nikamwelewa, kwa hiyo hata nyinyi mtamwelewa. Kila ninachoandika kinakwenda kukaa kwenye kanzidata, yaani ghala la maandishi. Ghala hilo lina masharti yake na halina mchezo. Programu yangu haiingii ghalani yenyewe, inamtuma tarishi. Tarishi huyo ni maktaba aliyoitunga Gibson, furushi la maagizo linalopeleka maombi na kurudi na jibu. Ghala likikubali, analeta jibu. Likikataa, tarishi anatakiwa "kurusha kosa", ndivyo mafundi wanavyosema, ili programu ilidake na kumwambia mtu kilichotokea.

Sasa, ghala lina sababu nyingi za kukataa. Namba imejirudia. Sehemu ya lazima imeachwa wazi. Nywila siyo. Mwenzako ameshikilia ukurasa uleule. Waya umekatika. Gibson aliyadaka yote hayo, akayameza, na kwenye skrini yangu akaniwekea sentensi moja tu ya rangi ya bluu: "Mtandao unasumbua kidogo. Tafadhali subiri, kisha ujaribu tena."

Haikuanza hivyo. Toleo la kwanza lilikuwa likisema ukweli. Lakini wiki ya kwanza Bi Sabra mwenyewe aliketi kulijaribu, akaacha sehemu moja wazi, na skrini ikamwandikia KOSA kwa wekundu, na msururu wa tarakimu chini yake. Bi Sabra alisimama, akavaa viatu vyake.

"Gibson mwanangu," akasema, "marehemu mume wangu hakuwahi kunifokea hata siku moja. Sitafokewa na kompyuta niliyoinunua mwenyewe."

Gibson aliona aibu mpaka masikio. Jioni ileile akaja na ile sentensi ya bluu, na wote tukaisifu, mimi wa kwanza.

Isitoshe, hivyo ndivyo alivyolelewa. Kwao Momba, na tuseme kweli hata kwetu Pangani, habari mbaya haitupwi usoni mwa mtu. Bibi yake alipofariki, Gibson alikuwa chuoni Mbeya. Akapigiwa simu: "Bibi hajisikii vizuri, uje umwone." Akanunua machungwa kilo tatu, maana bibi aliyapenda. Akafika na mfuko wake mkononi, akakuta watu wamekaa nje kimya na kaburi linachimbwa.

"Walinisaidia, dada," aliniambia. "Ningejua mapema ningelia njia nzima."

"Na machungwa?"

"Waliyala wachimba kaburi. Walisema ni matamu."

Huyo ndiye mtu aliyepewa kazi ya kuamua makosa ya kanzidata yatajwe vipi.

Mwezi wa sita mwaka huu Gibson alipeleka barua ya posa. Binti anaitwa Jenista, anauza mbegu na mbolea katika duka moja la pembejeo huko Vwawa. Ana sauti kubwa, anacheka kabla hujamaliza sentensi, na alimpenda Gibson waziwazi bila kuombwa. Kwao ni Mbebe, juu kule Ileje. Mshenga akawa Mzee Yonasi, baba yake mdogo Gibson, mzee wa kanisa anayeheshimika sana kwa sababu anaweza kutangaza jambo lolote bila mtu kuumia, na bila mtu kujua ni nini kilichotangazwa.

Mzee Yonasi akapanda na barua na kilo tano za sukari. Akarudi anatabasamu. "Wamepokea vizuri mno," akasema. "Wanasema tusubiri kidogo."

Tukasubiri. Mwezi wa saba akapanda tena na sukari nyingine. Wamempokea vizuri mno, wanasema tusubiri kidogo. Mwezi wa nane vilevile. Nadhani ile nyumba mpaka leo haijanunua sukari.

Kumuuliza Jenista mwenyewe haikufaa kitu. Barua ikishaingia mikononi mwa wazee, binti hafuatilii jibu lake, heshima hairuhusu. Gibson akipiga simu, alijibiwa, "Mambo yako kwa wazee." Kadiri wiki zilivyokwenda, kile kicheko kikaisha. Mwishoni mwa Agosti alikuwa akijibu ujumbe kwa neno moja: "Sawa." Gibson akapungua mpaka mkanda wake ukatobolewa tundu jipya kwa msumari.

"Dada Mwanamvita," akaniuliza, "wakisema tusubiri, si ndiyo wamekubali?"

Nikamwambia wakwe wana mambo mengi. Sikujua, na sikutaka kumwambia sijui.

Ndipo ikaja ile asubuhi ya Septemba. Saa mbili dereva mmoja Mzambia akaleta semi getini, imebeba mbolea. Nikaandika namba, nikabonyeza. Mtandao unasumbua kidogo. Nikasubiri, nikabonyeza. Mtandao unasumbua kidogo. Nikazima ruta, nikaiwasha. Nikanunua bando kwenye simu yangu nikaunganisha. Nikapanda juu ya meza na simu nimeiinua kama mtu anayetundika pazia. Mwisho nikawapigia huduma kwa wateja wa mtandao, nikamwambia yule binti aliyepokea maneno ambayo mpaka leo namwombea kwa Mungu ayasahau.

"Bamayo, mukwai," dereva akanisihi kutoka dirishani, yaani mama, tafadhali, "mimi nasimama hapa tangu saa mbili. Mtandao gani huu? Simu yangu naangalia mpira."

"Wa kwako ni wa simu, wangu ni wa ofisi!" nikamfokea, kana kwamba najua ninachosema.

Nyuma yake foleni ilikuwa imefika barabara kuu, honi zinalia, na trafiki amekuja kuuliza yadi hii ina wazimu gani. Saa sita Gibson akatokea. Alikuwa ametoka Vwawa kumtazama Jenista dukani, na Jenista alikuwa amejificha stoo mpaka aondoke. Akaketi, akafungua daftari la kumbukumbu ambalo ghala huliandika lenyewe, mahali ambapo mimi sioni. Akasoma. Akarudi juu, akasoma tena.

"Umebonyeza mara mia na tatu," akasema.

"Sikuhesabu."

"Kila ukibonyeza, tarishi anajaribu mara nne kimyakimya. Kwa hiyo ni mara mia nne na kumi na mbili. Na ghala limejibu jambo moja mara zote."

"Jambo gani?"

Akajikuna shingo. "Kwamba lori hili limo ndani ya yadi."

Nikachungulia dirishani. Lori lilikuwa getini, na dereva wake amekaa kwenye ngazi anakula mihogo. Ndipo nikakumbuka. Tarehe kumi na tisa Agosti lilipita kwetu likatoka, na siku hiyo ilikuwa siku ya maulidi kwa jirani, nikawahi kuondoka. Sikubonyeza "Limetoka". Kwa maandishi ya ghala, lile lori lilikuwa limekaa ndani wiki tatu, na sasa linaomba kuingia mara ya pili.

"Kwa hiyo ghala lilijua?"

"Tangu mara ya kwanza, dada."

"Na tarishi wako alijua?"

"Aliambiwa wazi."

"Na mimi ukaniambia mtandao?"

Akashusha sauti ili dereva asisikie. "Sikutaka ujisikie vibaya. Kosa lilikuwa la kwako."

Hapo ndipo nilipotamani kumtwanga kwa kibodi.

"Gibson!" nikasema, na yadi nzima ikageuka. "Kusubiri ni kwa kosa la kusubiri! Waya ukikatika, niambie nisubiri, nitasubiri. Lakini lori limeandikwa ndani na halimo. Nikisubiri mpaka Krismasi litajitoa lenyewe? Nilitakiwa kubonyeza mara moja tu! Nimetukana mtoto wa watu asiye na hatia, foleni imefika lami, kwa sababu hukutaka nijisikie vibaya. Sasa najisikiaje?"

Nilitegemea ataniomba radhi. Badala yake alikaa tu anaitazama skrini. Alipozungumza, hakuwa akizungumza juu ya lori.

"Mara tatu," akasema. "Baba mdogo amepanda Mbebe mara tatu, na amerudi na jibu moja."

Hasira zikanitoka zote. Nikavuta kiti nikakaa karibu naye, na wote wawili tukatazama ile sentensi ya bluu.

Siku nne zilizofuata aliiandika upya maktaba yake. Hakula vizuri, lakini nadhani kwa mara ya kwanza tangu Juni alikuwa na kazi inayoendana na mawazo yake. Alikusanya kila kosa ambalo ghala linaweza kulitoa, akalipa jina lake. Kuna ya kusubiri: haya tarishi ajaribu tena mwenyewe. Kuna ya kurekebisha: haya kujaribu tena ni kujichosha, mtu aambiwe ni sehemu gani na kuna nini. Kuna ya ruhusa: haya mtu aambiwe hana ruhusa, aache. Yaliyobaki ni ya kumwita Gibson. Na ndani ya kila kosa linalorushwa akaweka lile kosa la asili, neno kwa neno kama ghala lilivyolisema, ili asitokee tena mtu wa kati akalilainisha.

"Nani alikuwa mtu wa kati?" nikamchokoza.

"Mimi," akasema.

Kwa ajili ya Bi Sabra hakurudisha wekundu wala lile neno KOSA. Siku ya majaribio skrini ikaandika kwa wino mweusi: "Lori hili halijaandikiwa kutoka tangu tarehe 19 Agosti. Liandikie kwanza, kisha liingize." Bi Sabra akaisoma mara mbili, hakutafuta viatu vyake.

"Hii inazungumza na mtu mzima," akasema. Gibson alipomwomba pikapu ya kupandia Mbebe Jumamosi kwa wakwe, akaitoa palepale.

Mzee Yonasi alikuwa karibu kuzimia. "Mtu haendi kwa wakwe kuuliza posa imekwama wapi!" alimwambia Gibson. "Na wala haijakwama. Wamesema subirini."

"Ndiyo maana naenda, Baba mdogo. Kama ni la kusubiri, nitasubiri. Kama ni la kurekebisha, nirekebishe. Kama hawanitaki, niambiwe, nikalie nyumbani kwangu."

"Na huyu dada wa Pangani anakuja kufanya nini?"

"Nikishindwa kusema, atasema yeye."

Tukapanda kwa barabara ya Isongole sisi watatu, Mzee Yonasi akiomba dua njia nzima. Mbebe baridi yake inaingia kwenye mifupa. Tulipokewa na Mzee Mtafya, baba wa binti, na dada yake, shangazi wa nyumba, mama mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Mabinti wawili wakaja kutusalimu. Jenista alipiga magoti haraka, akaenda kukaa karibu na mlango, macho chini. Wa pili ni dada yake mkubwa, Marita, ana sura ya utulivu, nywele zimesukwa upya na gauni halijafuliwa hata mara moja. Ndiye aliyemletea Gibson chai, na kati yetu wageni, Gibson peke yake ndiye aliyepewa kikombe chenye kisosi. Chai ilikuwa na sukari ya kutisha.

Gibson alisimama. Akakaza ule mkanda wake wa tundu jipya.

"Baba," akasema, "tulileta barua miezi mitatu iliyopita. Tumeambiwa tusubiri. Naomba unisamehe kwa nitakachouliza. Tunasubiri nini? Kama kuna kosa, naomba nitajiwe kosa lenyewe."

Mzee Yonasi alikohoa kikohozi kirefu kisicho na ugonjwa. Mzee Mtafya alitazama dari, kisha akamtazama dada yake.

"Ilete," akasema.

Shangazi akaingia ndani, akarudi na barua ndani ya Biblia. Mzee Mtafya akavaa miwani, akasoma kwa sauti: "Tumeona ua zuri katika bustani yako, nasi kwa unyenyekevu tunaomba tuje tulichume." Akavua miwani. "Maneno mazuri sana. Mzee mwenzangu ana mwandiko. Lakini mwanangu, mimi kwenye bustani hii nina maua mawili."

Gibson akaichukua barua. Akaisoma juu mpaka chini, akaigeuza nyuma. Hapakuwa na jina.

"Jina haliandikwi!" Mzee Yonasi akajitetea. "Barua ya heshima haimtaji binti kama anaitwa kituoni! Wenye kupokea huelewa!"

"Hatukuelewa," akasema Mzee Mtafya kwa upole. "Anayetangulia ni mkubwa, tukasema basi ni Marita. Tukamwandaa. Halafu huyu mdogo tukamkuta analia jikoni. Tukasema, tukimuuliza kijana unamtaka yupi, tutakuwa tumemwaibisha yeye, na tumemwaibisha mmoja wa mabinti. Tukawaambia msubiri, pengine mtaandika tena kwa ufasaha zaidi." Akashusha pumzi. "Mkaleta sukari."

Ningecheka. Kicheko kilinifika kooni kabisa. Lakini nilikuwa nimekaa mkabala na Marita, na nikaona amekishika kikombe chake kwa mikono miwili, chai imepoa na hajaionja.

Gibson naye aliona. Alianza, "Kwa kweli, wazee, jambo hili..." kisha akakatisha. Nilimwona akitafuta ile sentensi ya bluu. Kama angeomba wiki moja ya kufikiri, wote pale, mpaka shangazi, wangempa kwa furaha.

"Ni Jenista," akasema. "Tangu mwanzo ni Jenista."

Marita aliweka kikombe chini. "Naomba niulize mimi," akasema, na baba yake hakumzuia. "Kaka Gibson, ulipopeleka barua, mimi ulinifikiria hata kidogo?"

Mzee Yonasi alifumba macho. Mimi, ninayejidai mdomo wangu hauna breki, niliomba kimoyomoyo adanganye.

"Hapana," akasema Gibson. "Sikukufikiria. Nisamehe, dada."

Marita akaitikia kwa kichwa mara mbili, taratibu. "Edson wa mashine ya kusaga alileta maneno ya posa kwangu mwezi wa saba," akasema. "Sikutaka kumuumiza. Nikamwambia asubiri kidogo." Akachukua kitenge chake kilichokuwa mgongoni mwa kiti, akatuaga vizuri mmoja mmoja, akatoka.

Shangazi ndiye aliyefungua kinywa kwanza. "Na wewe wa mlangoni?"

Jenista alikuwa analia na kutabasamu kwa pamoja. "Miezi mitatu!" akamwambia Gibson, na ile sauti yake kubwa ikarudi yote. "Miezi mitatu nadhani umeliona jina langu halifai kuandikwa! Litaje!"

"Jenista."

"Tena!"

"Jenista Mtafya."

"Nimekubali," akamwambia baba yake. "Andikeni jibu, na mliandike jina lake na langu pia."

Tukaandikiwa palepale. Mzee Yonasi aliisoma barua ile mara nne akitafuta mahali pa kuweka ua, akakosa. Chakula kikaletwa, ugali na kuku na maharage, tukanawa. Tulikuwa hatujamaliza tonge la pili Marita aliporudi, matope miguuni, anahema.

Hakuna aliyethubutu kuuliza, isipokuwa shangazi. "Edson amesemaje?"

"Amesema nimpe muda."

Mzee Mtafya akatikisa kichwa kwa huzuni. Sote tulijua maana ya neno hilo. Lakini Marita hakuwa amemaliza.

"Nikamuuliza muda wa nini. Akazunguka-zunguka, nikamwambia sitoki hapa mpaka aseme. Akasema hajakataa. Amekasirika. Nikamuuliza hasira zake ni za kuisha au za kubaki. Akafikiri, akasema ni za kuisha. Nikamwambia anipe siku. Akasema Jumatano."

"Jumatano," shangazi akarudia.

"Jumatano mchana. Asubuhi ana mahindi ya watu."

Akanawa mikono, akajisogezea kigoda kati yangu na Jenista, akamega ugali. Macho yake yalikuwa mekundu. Jiko lilikuwa palepale nje linafuka, lakini hakuna aliyesingizia moshi.